Modeli ya unyevu wa udongo ikikosea: dalili na vyanzo vyake kwa Dar es Salaam na Pwani

Wanaojaribu kukadiria unyevu wa udongo wa Dar es Salaam kwa data za setilaiti na ujifunzaji wa mashine hukwama karibu mahali palepale. Modeli inafundishwa, inapata alama nzuri kwenye kompyuta, kisha inapelekwa bonde la Msimbazi, Kigamboni au Chanika, na huko inatoa majibu ambayo mkulima yeyote mwenye jembe mkononi atayakataa. Hapo wengi hukimbilia kubadilisha algoridhimu: miti ya maamuzi inatupwa, mitandao ya neva inaletwa, bando linakwisha. Kwangu huko ni kuanzia mwisho. Mara nyingi kosa liko kwenye vipimo vya ardhini, kwenye saa, au kwenye bahari iliyoingia ndani ya pikseli, na hakuna algoridhimu inayoweza kuliondoa.

Tukumbuke kwanza setilaiti inaona nini. Haipimi maji yenyewe. Maji huitikia mawimbi ya umeme kuliko udongo kwa mbali sana: kipimo chake cha dielektriki ni takriban 80, cha udongo mkavu ni kati ya 3 na 5. Udongo ukilowa, mwangwi wa rada unaongezeka, na mnururisho wa asili unaotoka ardhini unapungua. Sentinel-1 ya Ulaya hutuma wimbi la sentimita 5.5 hivi na kusikiliza mwangwi wake. SMAP ya NASA, iliyorushwa Januari 2015, husikiliza mnururisho wa ardhi kwenye wimbi la sentimita 21. SMAP ilikuwa na rada pia, lakini iliharibika Julai mwaka huohuo, kikabaki kipokezi peke yake, ndiyo maana pikseli zake ni kubwa. Zote mbili zinaona tabaka la juu tu, kama sentimita 5 au pungufu. Na mwangwi wa rada haubebi maji peke yake. Unabeba pia mabonge ya udongo uliolimwa, majani ya mchicha, mapaa ya bati na pembe ambayo rada iliutazama uwanja. Modeli imepewa kazi ya kuyatenganisha yote hayo.

Dalili zifuatazo nimezipanga kwa mpangilio ambao ningezikagua.

Modeli inasema pwani yote imelowa mwaka mzima

Hii ndiyo dalili ya Dar es Salaam hasa, na anayetumia mwongozo ulioandikwa kwa mashamba ya bara hataipata humo. Ramani inaonyesha Kigamboni, Mbweni na Kunduchi zikiwa na unyevu mkubwa hata Septemba, wakati mchanga wake unateleza vidoleni. Chanzo ni bahari. Kipokezi cha SMAP hukusanya mnururisho kutoka eneo lenye upana wa takriban kilomita 40. Maji ya bahari hutoa mnururisho mdogo, na mnururisho mdogo ndio ambao modeli imefundishwa kuuita unyevu.

Wengi hudhani wameepuka tatizo kwa kuchukua toleo la kilomita 9. Toleo hilo limetokana na kipokezi kilekile. Gridi imekuwa ndogo, lakini antena haijabadilika. Kwa hiyo hata pikseli ambayo kwenye ramani iko nchi kavu kabisa, kwa mfano upande wa Pugu, inaweza kuwa imeguswa na Bahari ya Hindi. Fungua faili utazame sehemu ya maji iliyoandikwa kwa kila pikseli pamoja na alama za ubora. Pikseli zenye alama mbaya zitupe, hata kama zitakuacha bila data yoyote ya SMAP kwa Ilala, Kinondoni na Temeke. Ni afadhali kubaki na pikseli chache za ndani, upande wa Kisarawe na Ruvu, kuliko kuifundisha modeli kwamba bahari ni shamba.

Kuna tatizo dogo zaidi linalofanana na hilo, nalo liko kwenye Sentinel-1. Kwenye mikoko na mashamba ya chumvi ya Kunduchi, pikseli moja inaweza kuwa nchi kavu leo na maji kesho, kutegemea maji kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua tofauti inakuwa kubwa. Kata ukanda wote unaofikiwa na maji ya bahari kabla ya kufundisha. Usiiachie modeli ijifunze mwezi.

Udongo unakauka, namba zinapanda

Anza na kihisi. Vihisi vya bei nafuu vinavyouzwa madukani vikiwa vibao vyembamba vya kuchomeka udongoni vingi hutoa namba kubwa vikiwa vikavu na namba ndogo vikiwa vimelowa. Kama mtu ameingiza namba ghafi bila kuzigeuza, modeli imefundishwa kinyume, nayo itafanya kinyume kwa uaminifu mkubwa. Jaribio lake ni rahisi: kiweke kihisi hewani, kisha kitumbukize kwenye glasi ya maji mpaka kwenye mstari uliowekwa, uandike namba zote mbili. Fanya hivyo kwa kila kihisi, maana vya boksi moja hutofautiana.

Pili, tafuta alama za data iliyokosekana. Namba kama -9999 ikiingia kwenye wastani wa siku inaharibu safu nzima, na huenda usiione kwenye jedwali la maelfu ya mistari. Chora grafu ya nukta moja kwa mwaka mzima uitazame kwa macho.

Tatu, na hili ni la mchanga wetu: udongo wa kichanga ukikauka sana, wimbi hupenya chini zaidi na linaweza kurudishwa na tabaka au mawe yaliyo chini, hivyo mwangwi ukapanda kidogo wakati unyevu unashuka. Ukiona hali hiyo mwishoni mwa kiangazi tu, na kwenye mchanga tu, usiilazimishe modeli. Weka alama kwamba kipindi hicho hakiaminiki.

Vipimo vya oveni na vya kihisi havipatani

Sampuli iliyokaushwa kwa nyuzi 105 kwa saa 24 inakupa uzito wa maji kwa uzito wa udongo mkavu. Setilaiti na vihisi huzungumza ujazo wa maji kwa ujazo wa udongo. Ili kutoka kimoja kwenda kingine unazidisha kwa uzito wa udongo mkavu kwa ujazo wake. Udongo wenye gramu 1.4 kwa sentimita moja ya ujazo, ukiwa na 0.15 kwa uzito, una 0.21 kwa ujazo. Tofauti ya 0.06 inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba lengo la usahihi la SMAP yenyewe lilikuwa 0.04. Mtu aliyechanganya vipimo viwili ameshapoteza mchezo kabla ya setilaiti kupita.

Chukua sampuli kwa bomba lenye ujazo unaojulikana, usichote kwa koleo. Na kama shamba liko karibu na bahari au linamwagiliwa maji yenye chumvi, kihisi kitasoma juu kuliko ukweli, kwa kuwa chumvi huongeza upitishaji wa umeme. Mlinganyo wa Topp wa 1980, unaogeuza kipimo cha dielektriki kuwa unyevu na ambao vihisi vingi huutegemea, ulitengenezwa kwa udongo wa kawaida. Urekebishe kwa udongo wako mwenyewe: sampuli chache za oveni kutoka kavu kabisa hadi iliyolowa, mstari mmoja kwa mchanga, mwingine kwa mfinyanzi.

Grafu inapanda na kushuka kwa zamu bila mvua

Hapa tatizo ni njia za setilaiti. Sentinel-1 hulitazama eneo lilelile kutoka njia tofauti, nyingine ikipanda kaskazini, nyingine ikishuka kusini, kwa pembe zinazoanzia takriban nyuzi 30 hadi 45. Uwanja uleule, siku mbili zinazofuatana, unaweza kutoa mwangwi tofauti kwa sababu ya pembe tu. Zitenganishe picha kwa namba ya njia na ufundishe kwa njia moja, au ipe modeli pembe iwe mojawapo ya viingizo vyake. Kutenganisha ni bora kama data inatosha.

Hapohapo kagua wastani wako. Picha nyingi za Sentinel-1 huja kwa desibeli, na desibeli ni logariti. Pikseli ya -10 na ya -20 zikijumlishwa zilivyo zinatoa wastani wa -15. Zikirudishwa kwanza kwenye nguvu halisi, yaani 0.1 na 0.01, wastani ni 0.055, ambao ni desibeli -12.6. Tofauti ya zaidi ya desibeli 2 inaweza kulingana na badiliko lote la unyevu kati ya wiki kavu na wiki ya mvua. Chengachenga za rada, yaani kelele ya nukta-nukta kwenye picha, nazo zinahitaji kusawazishwa: tumia wastani wa shamba zima, si pikseli moja ya mita 10, na usawazishe kwenye nguvu halisi kabla ya kurudi kwenye desibeli.

Kila kitu kimeruka kuanzia Januari 2022

Mambo mawili yalitokea kwa kufuatana. Sentinel-1B ilipata hitilafu ya umeme Desemba 2021 na haikurudi kazini, kwa hiyo picha zinaweza kupungua ghafla. Kisha, tarehe 25 Januari 2022, Sentinel-2, setilaiti ya Ulaya inayopiga picha kwa mwanga badala ya rada, ilianza kuongeza 1000 kwenye thamani za picha zake. Asiyeondoa 1000 hiyo ataona kipimo cha ukijani cha NDVI kikishuka kila mahali kwa siku moja, na modeli itadhani Dar es Salaam nzima imepoteza majani. Tumia mkusanyiko uliokwisha kusawazishwa, au ondoa 1000 mwenyewe kwa picha za kuanzia tarehe hiyo.

Mvua imenyesha, modeli haina habari

Anza na saa. Msaidizi wa shambani akiandika saa 2 asubuhi anamaanisha 08:00. Sentinel-1 huandika muda kwa saa za dunia, zilizo nyuma yetu kwa saa 3, hivyo saa 2 yake ni 05:00 kwenye faili la setilaiti. Anayeingiza jedwali akiandika 02:00 ameurudisha usomaji nyuma kwa saa 6, na saa 2 asubuhi na saa 2 usiku zimekuwa kitu kimoja. Kwenye mchanga wa Mbagala saa 6 za jua zinatosha kubadilisha tabaka la juu kabisa. Karatasi za shambani ziwe na safu mbili, saa ya Kiswahili kama inavyosemwa na saa ya simu ya tarakimu 24, ili kosa lijionyeshe lenyewe.

Saa zikishakuwa sawa, linganisha mvua na kupita kwa setilaiti. Sentinel-1 hupita karibu na saa 12 asubuhi au saa 12 jioni, na setilaiti moja hurudia njia ileile kila baada ya siku 12. Mvua kubwa ya masika ikinyesha siku moja baada ya kupita, udongo wa kichanga una siku 11 za kuchuja na kukauka kabla haujatazamwa tena. Modeli haikukosea, haikuonyeshwa. Udongo wa mfinyanzi wa bondeni hutunza maji kwa muda mrefu, na huko mapengo hayo hayaumizi sana. Kwa mchanga, ziba pengo kwa data za mvua.

Lakini data za mvua nazo zichunguzwe. CHIRPS, inayotumiwa sana kwa Afrika na yenye kumbukumbu tangu 1981, ina pikseli za nyuzi 0.05, kama kilomita 5.5. Anayeishi Dar es Salaam anajua mvua inaweza kunyesha Mbezi na Mbagala pakabaki pakavu. Ndani ya pikseli moja pia inatokea. Kipima mvua cha mkono shambani, hata chupa iliyokatwa vizuri na kuwekewa rula, kinakuambia kama siku hiyo CHIRPS ilisema kweli kuhusu pale ulipo.

Kisha kina. Kihisi kilichozikwa sentimita 20 kinaitikia mvua kwa kuchelewa, na mvua ndogo haitafika kabisa. Rada imeona sentimita chache za juu. Data za ERA5-Land, makadirio ya Ulaya ya hali ya ardhi yanayotokana na modeli ya kompyuta na kutumiwa na wengi kujazia, zina tabaka la kwanza la sentimita 0 hadi 7. Vitatu hivyo vinapima vitu vitatu. Kama lengo lako ni mizizi ya mahindi au mihogo, kadiria tabaka la juu kwanza, kisha tumia historia ya wiki kadhaa kukisia la chini. Usiilinganishe rada moja kwa moja na kihisi cha chini halafu ukailaumu.

Bustani za bonde la Msimbazi zinatoa majibu ya ajabu

Hapa vyanzo vinakutana vyote mahali pamoja, na kwa maoni yangu ndipo panapostahili kazi kubwa, maana mboga nyingi za majani zinazoliwa mjini hutoka kwenye bustani za mabondeni kama haya.

Cha kwanza ni umwagiliaji. Mchicha na matembele humwagiliwa kwa keni, mara nyingi asubuhi na jioni. Modeli iliyofundishwa kwa mvua itaona udongo mbichi katikati ya Agosti na kuuita kosa, au, ikiwa mvua ina uzito mkubwa kwenye viingizo, itaukadiria mkavu wakati umelowa. Hakuna setilaiti itakayokuambia ratiba ya keni. Nenda ukaulize. “Shikamoo mama. Hapa mmemwagilia lini?” “Marahaba mwanangu. Alfajiri, na jioni tutarudia.” Jibu hilo liandike kwenye data kama safu yake, lina thamani sawa na kihisi. Umande nao huwa juu ya majani alfajiri setilaiti inapopita, na rada huuona kama maji.

Cha pili ni matuta. Tuta lililoelekezwa kukabili rada hurudisha mwangwi mkali, lililolala sambamba na mwelekeo wa wimbi hurudisha hafifu, na udongo una unyevu uleule. Mkulima akilima upya na kupanga matuta kwa upande mwingine, grafu inaruka. Andika tarehe ya kulima na mwelekeo wa matuta. Mruko ukilingana na jembe, badala ya mvua, umeshapata jibu.

Cha tatu ni majani. Mchicha hukua haraka, na bustani iliyokuwa wazi inafunikwa ndani ya wiki chache. Mwangwi wa VH (wimbi lililotumwa wima na kupokelewa mlalo) huathiriwa zaidi na majani, wa VV (lililotumwa na kupokelewa wima) zaidi na udongo, kwa hiyo ipe modeli yote miwili pamoja na kipimo cha ukijani. Wakati wa mvua Sentinel-2 itakosa picha kwa mawingu, na NDVI ya kabla ya mawingu itabaki imechakaa kwa wiki. Ingiza pia umri wa picha hiyo kwa siku. Migomba na mikoko usihangaike nayo kwa wimbi la sentimita 5.5. Halifiki chini.

Cha nne ni nyumba. Ukuta na ardhi tambarare mbele yake hurudisha wimbi mara mbili, na bustani iliyobanwa kati ya nyumba inapata mwangwi wa bati na zege. Kata pikseli zote zinazogusa majengo, na uache nafasi kama ya pikseli mbili pembeni. Kazi ya kuchora majengo imekwisha kufanyika kwa sehemu kubwa: mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015 kwa ajili ya mafuriko, uliweka nyumba, mitaro na barabara za mitaa mingi ya jiji kwenye OpenStreetMap. Utabaki na bustani chache, pengine zile kubwa tu. Hizo chache ndizo za kweli.

Mtihani umetoa 0.9 kati ya 1, shambani modeli imeanguka

Modeli imekariri. Kawaida chanzo ni kugawa data kwa bahati nasibu. Nukta mbili za bustani moja, za siku moja, zinafanana karibu kwa kila kitu. Moja ikiingia kwenye mafunzo na nyingine kwenye mtihani, mtihani hauna maana. Gawa kwa eneo: fundisha kwa Chanika, Kisarawe na Kigamboni, tahini kwa Msimbazi, kisha zungusha. Gawa pia kwa msimu: fundisha kwa masika ya Machi hadi Mei, tahini kwa vuli ya Oktoba hadi Desemba. Alama zitashuka sana. Zile zilizoshuka ndizo zako.

Ondoa longitudo, latitudo na siku ya mwaka kwenye viingizo uone kinachobaki. Modeli ikipewa tarehe inaweza kujifunza kwamba Aprili kuna mvua na Septemba kumekauka, ikapata alama nzuri bila kuitazama rada hata kidogo. Linganisha pia na kisio la kijinga kwa makusudi, yaani jumla ya mvua ya siku 5 zilizopita peke yake. Setilaiti zako zote zikishindwa kulipita kisio hilo, kazi iliyobaki iko kwenye viingizo.

Makadirio yote yamekusanyika katikati

Ardhi inatoka 0.04 hadi 0.40, modeli inazunguka 0.15 hadi 0.25. Miti ya maamuzi hutoa wastani wa ilichokiona, haiwezi kuvuka mipaka ya data ya mafunzo, na hata ndani ya mipaka huvuta kuelekea katikati. Kinachozidisha hali ni kwamba hakuna aliyekwenda kuchukua sampuli siku ngumu. Masika yakikolea barabara za Chanika zinakatika, bodaboda hazipiti, na safu ya udongo uliolowa inabaki tupu. Kiangazi kikali nacho watu hawaoni cha kupima. Panga sampuli kwa makusudi kwenye siku hizo za ncha. Bonde la Msimbazi linapojaa mpaka Jangwani usimtume mtu. Weka kihisi mapema, mahali pa juu kidogo, kijirekodi chenyewe.

Sampuli zikiwa chache mno, acha kwa muda kukadiria ujazo kamili. Chukua miaka kadhaa ya Sentinel-1 kwa njia moja, tafuta kwa kila shamba mwangwi wa chini kabisa na wa juu kabisa, kisha uweke kila siku mahali pake kati ya 0 na 100. Njia hii ya kufuatilia mabadiliko iliendelezwa Vienna kwa rada za pikseli kubwa, na faida yake ni kwamba ukwaru wa uso na sehemu kubwa ya athari za majengo hujifuta vyenyewe, kwa kuwa havibadiliki siku hadi siku. Mkulima anayetaka kujua kama tuta lake ni kavu kuliko kawaida ya wakati huu anapata jibu hapohapo. Ukihitaji ujazo, chukua sampuli mbili tu za kila aina ya udongo, moja mwishoni mwa kiangazi na nyingine siku moja au mbili baada ya mvua kubwa, uziweke kwenye 0 na 100 za udongo huo.